Ukanda wa Maili Kumi Ulinikuta Kerry

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana niliowafundisha jiografia mkawa mnatoroka kupitia dirishani na leo mmekuja kwa miguu yenu: asalaam aleikum, na asiyeitika hivyo, hujambo.

Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya Ayalandi, na nimeonywa nisipitishe nusu saa. Kumwambia hivyo mwalimu mstaafu aliyeshika kipaza sauti ni kumtaka makubwa, lakini nitajitahidi.

Kwanza niseme wazi kwamba sikwenda kutalii. Binti yangu ni muuguzi Tralee, mji mkuu wa kaunti ya Kerry, kusini-magharibi kabisa mwa nchi ile (ndiyo, nao wana kaunti, ila zao ni za miaka mingi kabla ya zetu). Alijifungua, na mimi nikaitwa kwenda kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, kama mama yeyote. Arubaini ilipokwisha, binti yangu akaniambia, "Mama, sasa toka nje kidogo, humu ndani utaota ukungu." Ulikuwa mwezi wa Juni. Kwa ambao hawajafika, Juni kule jua linatua saa nne za usiku. Mtu unasubiri maghribi mpaka unasinzia.

Kijiji cha kwanza nilichokwenda ni Ardfert, kilomita kama nane kutoka Tralee. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha kupita, na la pili si la saa hiyo wala iliyofuata. Nikasimama pale na mwavuli uliopinduliwa na upepo, mpaka mzee mmoja mkulima akasimamisha gari lake linalonuka ng'ombe, akaniuliza nakwenda wapi. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu kwa siku zote zilizofuata. Jina lake silitaji, maana sikumwomba ruhusa.

Barabara zao za kijijini ni nyembamba, huku na huku zimebanwa na kuta za mawe na miti. Kila gari tulilopishana nalo, dereva wake aliinua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Hakuinua mkono wala kupiga honi, kidole tu. Na mzee wangu akajibu kwa kidole. Baada ya gari la sita au la saba nikamuuliza, "Wote hawa unawajua?" Akasema, "Nusu. Nusu nyingine watauliza jioni mimi nilikuwa na nani."

Ardfert yenyewe ni nyumba chache, duka, shule, baa, na katikati ya yote hayo gofu la kanisa kuu. Nilipoliona niliikumbuka Gede, magofu yetu ya karibu na Malindi, ila hapa mawe ni ya kijivu na badala ya mibuyu kuna nyasi zilizonyolewa kama zulia. Sehemu zake za kale ni za karne ya 12: mlango wa magharibi umezungushiwa matao yaliyochongwa kwa mkono wa mtu asiyekuwa na haraka. Ukutani mwa mashariki kuna madirisha matatu marefu membamba, na kusini yamejipanga tisa. Vita vya mwaka 1641 ndivyo vilivyolichoma. Palepale pana jiwe lenye maandishi ya Ogham, mikato tu iliyopigwa ukingoni mwa jiwe, huu wa moja, huu wa mitatu, huu wa mitano. Nilipitisha kidole juu yake kama kipofu. Hivyo ndivyo walivyoandika lugha yao kabla hawajashika herufi za Kirumi.

Mwenye mji huo ni Mtakatifu Brendan, aliyezaliwa upande huo mwishoni mwa karne ya 5 na kujenga nyumba ya watawa Ardfert. Wanamwita Brendan Baharia. Si mbali na kijiji kuna kisima wanachosema alibatiziwa hapo, nacho kinaitwa kisima cha kondoo, kwa sababu hadithi inasema kondoo dume watatu walichomoka majini kumlipa askofu ada ya ubatizo. Nilimwambia mzee kwamba nasi kwetu tunavyo visima vya namna hiyo na watu wanavifungia vitambaa, akafurahi sana. Hadithi kubwa ya Brendan ni safari yake ya baharini. Yeye na wenzake walitia nanga kisiwani, wakawasha moto wapike, kisiwa kikaanza kwenda. Kumbe ni mgongo wa nyangumi! Hapo nikacheka peke yangu. Kisa hicho hicho bibi yangu alikuwa akitusimulia Mji wa Kale, Mombasa, ila nahodha wake alikuwa Sindbadi.

Pale Fenit, bandari ndogo ya wavuvi, wamemsimamishia Brendan sanamu kubwa ya shaba juu ya mwamba, ameunyoosha mkono kuelekea bahari kuu. Upepo wa hapo unaweza kukuvua mtandio na heshima yako pamoja. Sikukaa.

Sasa ndugu zangu, Banna.

Aliyefika Shela, kule Lamu, anajua vilima vya mchanga. Basi chukua vilima vile, vioteshe majani marefu makali, uvimiminie mvua nyembamba ya kuchoma uso, halafu mbele yake utandaze ufuo usioona mwisho wake. Hiyo ndiyo Banna. Maji baridi, mawimbi meupe, na juu ya mchanga ndege wadogo wanaopanda wima angani wakiimba mpaka huwaoni tena, unabaki na sauti tu. Kati ya vilima hivyo pana mnara wa mawe. Nikauliza wa nani. Mzee akasema, "Roger Casement." Nikamwambia, "Yule wa Kongo?" Akazima injini akageuka kunitazama. Kwao Casement ni mtu wa mapinduzi ya 1916. Kwangu mimi alikuwa mtu wa utomvu wa mpira na viganja vilivyokatwa, somo la kidato cha tatu.

Nitawaeleza wote wawili, kwa kuwa ni mtu mmoja. Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, akaenda Kongo kabla hajafikisha miaka 21. Baadaye akawa konsuli wa Uingereza, na mwaka 1903 akapanda mto Kongo kuona yanayofanyika katika ile iliyoitwa Dola Huru, mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Aliyoyaona aliyaandika: vijiji vilivyohamwa, wanawake waliofungwa mateka mpaka waume zao walete mpira wa kutosha, watu waliokatwa mikono. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Leopold alikana, akatumia fedha nyingi kukana, lakini mwaka 1908 ikabidi aiachie Kongo, serikali ya Ubelgiji ikaichukua. Sisemi kwamba mateso yalikwisha siku hiyo. Ndugu zetu wa Kongo waliomo humu watanisahihisha kama nimesema hivyo. Ninachosema ni kwamba mtu huyu alikwenda, akauliza wenyewe walioteswa, akaandika majibu yao.

Uingereza ikampa cheo cha Sir mwaka 1911. Miaka mitano baadaye ikamnyonga.

Casement alikuwa amekwisha kujiuliza: kama Mkongo ana haki ya ardhi yake, Mwayalandi je? Vita Kuu ilipoanza akaenda Ujerumani kutafuta silaha za kuikomboa nchi yake. Wajerumani wakatoa meli moja, iliyojifanya ya Norwei, ikiwa na bunduki 20,000. Ikafika ghuba ya Tralee, lakini mawasiliano yalikuwa yamevurugika na hapakuwa na mtu wa kuipokea. Waingereza wakaikamata, na nahodha wake akaizamisha mwenyewe nje ya bandari ya Cork. Alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Aprili 1916, nyambizi ya Kijerumani ikamshusha Casement na wenzake wawili mbele ya Banna katika kiboti kidogo. Wimbi likakipindua. Wakafika ufukoni wamerowa chapachapa, wakazika bastola zao mchangani.

Na ndugu zangu, alikuwa mgonjwa. Malaria. Homa aliyoibeba kutoka Afrika ilimwangusha palepale ufukoni kwao. Wenzake wakaenda Tralee kutafuta msaada, yeye wakamwacha amejificha katika boma la kale, duara la tuta la udongo lenye miti na vichaka, kama nusu ya njia kurudi Ardfert. Maboma hayo yamejaa kila mahali kule, na watu wanaogopa kukata mti ulioota ndani yake. Wanasema pana wenyewe. Sikuhitaji kufasiriwa.

Tuliingia humo ndani mimi na mzee. Kimya, miiba, jiwe la kumbukumbu. Nikaketi juu ya tuta nikawaza mtu anatetemeka kwa malaria chini ya miti ya Kerry. Baadaye, akiwa kifungoni, alimwandikia dada yake kwamba asubuhi ile pale Banna, akiwasikia wale ndege wanaopanda angani, alipata furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Nimefundisha habari za mtu huyu miaka na miaka na habari ya ndege sikuwa nayo.

Mchana polisi wakamkuta. Wakamuuliza wewe nani, akajitambulisha kuwa Mwingereza, mwandishi, na kwamba kitabu alichokiandika ni maisha ya Mtakatifu Brendan! Mtu amekabwa, na jina lililomjia ni la mwenye mji. Lakini mfukoni mwake walipata tikiti ya treni ya Ujerumani, kutoka Berlin kwenda Wilhelmshaven. Siku tatu baadaye mapinduzi ya Pasaka yakaanza Dublin bila yeye. Alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916, akazikwa ndani ya uwanja wa gereza. Mwaka 1965 ndipo mifupa yake iliporudishwa Ayalandi na kuzikwa kwa heshima za taifa.

Mzee alinikumbusha jambo jingine. Miaka 45 baada ya Banna, Septemba 1961, askari wa Ayalandi zaidi ya 150, wakiwa chini ya Umoja wa Mataifa, walizingirwa Jadotville huko Katanga, Kongo, mji tunaouita leo Likasi, mji wa Kiswahili. Walipigana siku tano mpaka risasi na maji vikawaishia. Kamanda wao, Pat Quinlan, alikuwa mtu wa Kerry hiyohiyo. Waliporudi kwao waliitwa waoga kwa sababu walijisalimisha, na ilichukua miaka mingi sana kusafishwa jina. Mzee aliyasema haya kwa hasira, kama ya jana.

Kaskazini ya Banna ni Ballyheigue. Hilo "Bally" mtaliona kila mahali kwenye ramani yao. Ni neno lao *baile*, kwao, mji. Ballyheigue ni kwao ukoo wa Tadhg, kama sisi tusemavyo Kwa Jomvu au Kwa Shee. Hapo mwaka 1730 ilikwama meli ya Wadenmarki iliyokuwa ikienda India na masanduku 12 ya fedha. Bwana mkubwa wa pale akazihifadhi nyumbani kwake. Mwaka uliofuata zikaibiwa humohumo, na mpaka leo watu wa kijiji wanatabasamu ukiwauliza. Mbele zaidi kuna Rattoo, mnara wa mviringo mwembamba wa miaka kama 900, umesimama mzima shambani katikati ya ng'ombe. Tuliutazama, tukapiga picha, mvua ikatufukuza.

Blennerville je? Ni karibu na Tralee, ina kinu cha upepo cha mwaka 1800, cheupe, kizuri kwa picha. Lakini uzuri haukunishika. Hapo ndipo watu wa Kerry walipoondokea wakati wa njaa kuu. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi mbatata, na maskini wa Ayalandi walikuwa hawana chakula kingine. Katika miaka michache walikufa watu kama milioni moja, na milioni nyingine wakapanda meli. Nafaka na ng'ombe viliendelea kusafirishwa nje, kwa sababu vilikuwa vya wenye ardhi. Wapangaji waliokosa kodi walitolewa, nyumba zikavunjwa. Mzee alipofika hapo nilimwambia neno "maskwota", nikamweleza mashamba ya pwani yetu yenye wenye hati wasioonekana na watu waliokaa humo vizazi vitatu bila karatasi. Hakuniuliza swali hata moja. Aliitikia kwa kichwa tu.

Njaa ile iliwafilisi hata baadhi ya mabwana wenyewe, na serikali ikatunga sheria ya kuuza mashamba yao yaliyofungwa na madeni. Baadhi ya wanunuzi wakatoka Uingereza, bei ilikuwa ya kutupa. Mmoja wao alikuwa afisa wa jeshi aliyenunua ardhi karibu na Listowel, kisha akahamia nyumba ya Crotta, jirani na kijiji cha Kilflynn. Huko karibu na Listowel, mwaka 1850, alizaliwa mwanawe, akaitwa Horatio Herbert.

Jina la ukoo ni Kitchener.

Naona wazee wawili watatu wametikisika vitini. Ndiyo, huyohuyo. Lord Kitchener wa Sudan, yule wa bango la kuandikisha askari wa 1914, anayekunyooshea kidole usoni. Lakini kabla ya hayo yote, mwishoni mwa 1885, akiwa afisa wa miaka 35, alitumwa Unguja kuwa mjumbe wa Uingereza katika tume ya mipaka. Wajumbe walikuwa watatu: Mwingereza, Mjerumani, Mfaransa. Kazi yao ilikuwa kuamua nchi ya Sultani Barghash huku bara inaanzia wapi na inaishia wapi. Sultani mwenyewe hakuwa mjumbe. Na kwa kazi hiyo, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zikakubaliana kwamba Sultani abakiziwe ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kuanzia kusini karibu na mto Ruvuma hadi Kipini, na miji kadhaa ya Banadir, pwani ya Somalia. Nyuma ya hapo wakagawana wao, kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba, ukauzunguka Kilimanjaro mpaka Ziwa Viktoria.

Maili kumi! Nimeichora kwa chaki nyekundu ubaoni sijui mara ngapi. Nimewaadhibu baadhi yenu kwa kuichora mpaka Voi. Wala sikuwahi kujiuliza mwenye kalamu alikulia wapi.

Nilimwomba mzee anipeleke Crotta. Hakutaka. Alisema hakuna cha kuona, nyumba kuu haipo tena, na jina lile halipendwi. Baba yake Kitchener anakumbukwa kwa kuwatoa wapangaji. Nikamwambia sikuja kuipenda, nataka kupaona tu. Akanipeleka. Kweli hapakuwa na kitu: nyasi, miti mikubwa ya zamani, ng'ombe, kunguru. Mahali penye utulivu kabisa. Mtoto alicheza hapa, nikawaza, akimwona baba yake akipima mashamba ya watu. Sitaki kusema hayo ndiyo yaliyomfundisha, maana hapo nitakuwa natunga. Lakini nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama kanisani Ardfert.

Mwaka ule ule, 1916, Kitchener alizama na meli yake kaskazini mwa Uskoti, tarehe 5 Juni, na Casement akanyongwa kabla miezi miwili haijatimia. Kutoka Crotta mpaka boma lile la malaria ni mwendo mfupi wa gari. Mzee hakuwa amewahi kuwaweka wawili hao pamoja. Na mimi sikuwa nimewahi.

Akaniuliza, "Hizo maili kumi, kwenu ni ndani au nje?" Nikamwambia mimi nilizaliwa Mji wa Kale, mwaka 1955, na bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea juu ya Fort Jesus. Kwenye karatasi za Waingereza, mimi niliye ndani ya ukanda ni mtoto wa Himaya. Marehemu mume wangu alikuwa Mtaita wa Wundanyi, nje ya mstari, mtoto wa Koloni. Nchi moja, majina mawili, mpaka Desemba 1963.

Mzee akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo Kitchener alikuwepo kwenye harusi yenu."

Nikamwambia hakualikwa, lakini alikuwepo. Na si yangu peke yangu. Wengi humu ndani mmeoa na kuolewa kuvuka mstari ule, na wengine mnabishania mashamba kwa sababu yake mpaka kesho. Mwaka wa uhuru palikuwa na watu katika mji huu waliotaka mwambao ujitenge, na nyumba moja iliweza kugawanyika meza ya chakula. Wazee mnayajua kunishinda, nayaacha hapo.

Tulirudi kwa njia ya Ardfert. Mvua ilikuwa imekatika, na ingawa ilikuwa karibu saa tatu usiku, mwanga ulikuwa kama wa alasiri. Gari likatujia mbele katika ile barabara nyembamba. Mzee alikuwa anahangaika na gia, mikono yote miwili imeshughulika. Nikainua mimi kidole. Dereva wa lile gari akainua chake, akageuza shingo mpaka karibu aingie ukutani.

Mzee akaniuliza, "Unamjua yule?"

Nikamwambia, "Bado. Lakini jioni atauliza ulikuwa na nani."